Spea za Serikali ni ghali kwa sababu hulipwa kwa kuchelewa

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka ifikapo Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikishafika bungeni, magazeti yetu hujaa habari za magari na mitambo ya umma iliyolala bila matengenezo. Wabunge wanapiga meza, wakurugenzi wanaitwa kwenye kamati, na sisi wasomaji tunakubaliana kwamba spea zimeliwa. Wizi upo, sibishi. Ila mimi nimeshughulika na magari ya Serikali mpaka nikastaafu, na naomba nafasi nieleze jambo ambalo haliuzi gazeti: sehemu kubwa ya bei tunayoilalamikia huingia pale mzabuni anapojua kwamba hatalipwa kwa wakati.

Chukua Land Cruiser mkonga, ile inayobeba wagonjwa huko wilayani. Injini yake ya 1HZ ni ngumu na haina mambo mengi, lakini ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa hesabu ya kilomita. Kilomita zikitimia, kitaa kilichoandikwa T-BELT kinawaka kwenye dashibodi. Dereva anakijua, fundi anakijua. Mkanda wenyewe haufiki bei ya tairi moja la gari hilohilo. Ukiachwa mpaka ukatike, valvu zinagonga pistoni, silinda hedi inashushwa, na kazi ambayo ingekwisha kabla ya chakula cha mchana inakuwa ya kufungua injini.

Sasa kifuatilie hicho kitaa kikishawaka. Dereva anajaza fomu. Ofisa usafirishaji anaomba gari likaguliwe, kwa kuwa Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2013 zilitaka gari la Serikali lipelekwe kwa Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) au gereji iliyoidhinishwa na wakala huo, likaguliwe kabla ya matengenezo na baada yake. Ni utaratibu mzuri, na CAG ana haki kuzihoji halmashauri zinazouruka. Kutoka hapo ombi linaenda kitengo cha ununuzi, na tangu 2023 linapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Ndipo linapokuja swali la fedha za matumizi mengineyo, yaani OC. Hazijafika. Gari linaendelea kutembea, maana mama mjamzito aliyeko kijijini hawezi kuambiwa asubiri mgao wa Hazina.

Kuna halmashauri moja, sitaitaja, ambako mkanda ulikatika gari likirudi kupeleka mgonjwa. Nashukuru lilikuwa tupu. Likavutwa, likawekwa juu ya mawe nyuma ya stoo. Baada ya muda betri ikahamia gari la idara nyingine iliyokuwa na safari ya dharura. Ikafuata stata, kisha tairi mbili za mbele, kisha redieta. Hakuna kilichoibwa: kila kifaa kilitoka kwa maandishi na sahihi. Fedha za matengenezo zilipokuja kupatikana, gari lilikuwa limekwisha kuchinjwa. Magari ya namna hiyo mwisho wake ni mnada. Aliyelinunua analitengeneza kwa fedha zake, na unakutana nalo barabarani lina namba za mtu binafsi, linakimbia vizuri tu.

Nihamie upande wa mwenye duka. Muuza spea wa Kariakoo au Ilala ananunua mzigo kwa fedha taslimu au kwa mkopo wa benki unaozaa riba kila mwezi. Wewe ukienda na fedha mkononi anakupa bei ya siku hiyo. Halmashauri ikija na LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo ulipwe baadaye, anapiga hesabu nyingine. Anajua fedha zinaweza kutoka baada ya miezi kadhaa. Anajua pia kwamba mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30 kabla hajalipwa, ankara yake inahamia kwenye orodha ya madeni, ihakikiwe upya, aulizwe hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo ambaye siku hizo kahamishiwa mkoa mwingine. Kwa hiyo gharama zote za kusubiri anaziweka kwenye bei tangu mwanzo. CAG akija kulinganisha bei hiyo na ya dukani anakuta tofauti kubwa, nasi tunasema pameibwa. Mara nyingine pameibwa kweli. Mara nyingine ile tofauti ni riba tuliyojitakia wenyewe.

Kuna baya zaidi ya bei. Ucheleweshaji unatuchagulia wazabuni. Mfanyabiashara mwaminifu mwenye mtaji mdogo akishakaa na deni la Serikali mwaka mzima, harudi tena. Anayebaki ni yule anayemudu kusubiri, na wengi wao wanamudu kwa sababu wanajua watakapofidia: shokapu mtumba ndani ya boksi jipya, brekipedi feki zenye nembo ya kiwanda. Na ndiye huyohuyo anayeleta proforma (ankara za makadirio ya bei) tatu za maduka matatu, huku zote tatu zimekosea tahajia ya neno lilelile.

Tusidhani haya ni mambo ya magari madogo tu. Wakazi wa Kigamboni hawahitaji kusimuliwa habari za MV Magogoni. Kivuko hicho, chenye uwezo wa kubeba abiria 2,000, kilipelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa ukarabati mkubwa, kikakaa huko muda mrefu kupita ratiba, na ucheleweshaji wa malipo ulitajwa miongoni mwa sababu. Huku nyuma MV Kigamboni na MV Kazi, ambavyo kila kimoja hubeba abiria 800, vikaachiwa sehemu kubwa ya mzigo. Vivuko vinavyofanya kazi hivyo navyo vinachakaa haraka, na matengenezo yake yanasogezwa mbele kwa sababu hakuna cha kushika zamu. TEMESA, ambayo ndiyo inayoendesha vivuko hivyo, inalaumiwa kwa huduma zake, na baadhi ya lawama ni za haki, lakini wakala huohuo umelalamika hadharani mara nyingi kwamba taasisi za umma zinatengenezewa magari na hazilipi. Fundi asiyelipwa atanunua spea kwa fedha za nani?

Wapo wanaosema dawa ni kukodi mitambo pamoja na matengenezo yake, mwenye mtambo abebe spea, sisi tulipe kwa mwaka. Kwa mashine za hospitali hoja hiyo ina uzito. Ila wenzetu Kenya walikwisha kuijaribu. Mwaka 2015 Serikali yao iliingia mikataba ya vifaa vya hospitali 98, ya shilingi za Kenya bilioni 38 hivi, matengenezo yakiwa ndani. Makato ya kila kaunti yalianza na shilingi milioni 95 kwa mwaka, yakaja kufika milioni 200, huku kaunti zikilalamika kwamba hata mikataba yenyewe hazikuonyeshwa. Baadhi ya mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa umeme, vyumba au wataalamu, na malipo yakaendelea kukatwa. Mkataba wa matengenezo unamfaa yule anayeusoma na anayeweza kumkatia mzabuni fedha mashine ikisimama. Mganga mfawidhi asiyejua kilichomo atamkatia nani?

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Fedha za matengenezo zitengwe kwa hesabu ya kila gari na kilomita zake, na zikishatengwa zisiguswe kwa semina wala mwenge. LPO itaje namba ya kipuri kama ilivyo kwenye katalogi ya kiwanda, maana ukiandika "shokapu za mbele" umemruhusu mzabuni alete chochote. Spea ya zamani iliyofunguliwa kwenye gari irudi stoo ikiwa na lebo ya namba ya gari, mkaguzi aione kwa macho. Na anayenunua mtambo mpya alinganishe zabuni pamoja na bei za spea za miaka mitano ya mwanzo, kwa kuwa mtambo ulioshinda kwa bei ya chini mara nyingi ndio wenye filta zisizopatikana nchini.

Haya yote hayatashusha bei kama malipo yatabaki yalivyo. Leo NeST inamwonyesha mwananchi nani ameshinda zabuni na kwa kiasi gani. Waongeze safu mbili kwa kila mkataba wa spea na matengenezo: tarehe mzigo ulipopokelewa na tarehe mzabuni alipolipwa. Aprili ijayo wabunge waje na safu hizo mbili mkononi, na mkurugenzi wa kwanza kuhojiwa awe yule ambaye fedha alikuwa nazo kwenye akaunti na bado hakulipa.

Ofisa usafirishaji mstaafu,
Dodoma