Barua kwa vijana mnaoniuliza kuhusu kazi ya hataza

Wanangu,

Tangu nistaafu uwakili, haupiti mwezi bila mmoja wenu kunipigia. "Shikamoo mzee. Eti sheria ya hataza inalipa?" Marahaba. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo leo nawaandikia wote. Hataza, kwa asiyejua, ni hati inayompa mvumbuzi haki ya peke yake, kwa muda, juu ya alichokivumbua.

Kulipa inalipa, ila hilo si swali la kwanza. Anza na mbuzi.

Si mbuzi wa mchuzi, nasema ile ya kukunia nazi. Iweke mbele yako, ushike kalamu, uieleze kwa sentensi moja tu, kana kwamba jana haikuwapo na mteja wako ndiye aliyeivumbua. Sentensi hiyo tunaiita dai, na ndiyo mpaka wa shamba lake. Kilicho ndani ni chake, cha nje ni cha watu wote.

Utaandika: "Kifaa cha kukunia nazi chenye kiti cha mbao kinachokunjika na ulimi wa chuma wenye meno." Safi. Keshokutwa fundi wa Keko anatoa ya plastiki. Amekuponyoka, maana wewe ulisema mbao. Unafuta mbao. Anakuja mwingine na ya kubana mezani, haina kiti kabisa. Unafuta kiti. Sasa umebaki na ulimi wa chuma wenye meno, na mkaguzi wa ofisi ya hataza anakuuliza: huu na ule aliokunia bibi yako vina tofauti gani? Hataza haitolewi kwa kitu ambacho tayari kinajulikana. Inabidi urudi kwa mteja, umwulize upya ni nini hasa alichobuni. Huenda ni ile namna ya kukunja tu, basi.

Kama hapo umeshapiga miayo, rudi kwenye mikataba ya nyumba na mirathi, nako kuna heshima yake. Kama chai imepoa bila wewe kujua, endelea kusoma.

Zamani alinijia fundi aliyebuni mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Nilikwenda karakana, nikaona mkanda ukizungusha pipa, nikaandika "mkanda". Mwaka haukuisha, jirani yake akatoa mashine ileile, ila ilizungushwa kwa mnyororo na gia za baiskeli. Niliposoma upya hati niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuona pa kumshikia yule jirani. Fundi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wakili, mbona hukuniuliza kama mnyororo nao unafaa?" Yeye alikuwa analijua hilo tangu siku ya kwanza.

Ndiyo maana mkiniuliza kuhusu sayansi, nasita. Marekani hawasiti: hata uwe wakili, hufanyi mtihani wa ofisi yao ya hataza bila msingi wa sayansi au uhandisi, na mhandisi asiye mwanasheria anaweza kuufanya akawa wakala. Kwetu hakuna atakayekufukuza mlangoni. Lakini mimi fizikia niliiacha kidato cha nne, na imenidai maisha yangu yote. Mwenye shahada ya uhandisi akaongeza sheria, huyo nampisha njia. Anayetaka kusomea miliki bunifu yenyewe, yaani haki juu ya kazi za akili kama hataza na alama za biashara, Africa University kule Mutare, Zimbabwe, wana shahada ya uzamili wanayoiendesha pamoja na WIPO, shirika la miliki bunifu la dunia, na ARIPO, shirika la kanda yetu ya Afrika.

Sasa mfuko. Kazi nyingi ya miliki bunifu hapa nchini ni alama za biashara. Hataza nyingi ni za wageni, na nyingi zinapitia ARIPO, Harare, ambako ombi moja linataja nchi kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo siku yako itakuwa barua pepe za mawakili wa ng'ambo, na kalenda. Miezi 12 ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris, yaani muda wa kuomba nchi nyingine bila kupoteza tarehe ya ombi la kwanza. Miezi 31 ya kuingia ARIPO kwa aliyepitia PCT, ule mkataba wa ombi moja la kimataifa. Ada za kila mwaka za kuiweka hataza hai. Ukisahau tarehe moja unaweza kumpotezea mtu jasho la miaka kumi. Na BRELA, wakala wanaosajili hataza na alama za biashara, ni ya Bara. Mteja anayetaka ulinzi Unguja na Pemba, mpeleke BPRA pia, wakala wa usajili wa Zanzibar, maana Zanzibar ina sheria yake. (Mawakili wazima wameteleza hapo.)

Wale mnaopenda joho na kubishana mbele ya jaji, nawaambia mapema: kesi za hataza kwetu ni za kuhesabu. Mtakaa na karatasi.

Mbuzi ya mke wangu bado iko juu ya meza yangu ya kuandikia. Dai langu limefika rasimu ya saba. Jana nilimsomea fundi mmoja wa Keko, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka: "Hilo nalipita, mzee." Na jikoni wananiulizia mbuzi yao, wali wa nazi haujapikwa wiki nzima.

Ni mimi mzee wenu,
Dar es Salaam