Abuu, tuamue mtambo wa besi kabla hujapanda ndege

Sinza, Dar es Salaam

Kaka Abuu,

Salaam aleikum. Natumai wewe na wenzako wa bendi hamjambo huko Dubai na joto limeanza kupungua. Hapa sote wazima wa afya. Mama anakusalimu sana na bado anauliza unaoa lini. Hilo utamjibu mwenyewe ukifika. Kimya changu kimekuwa kirefu, najua, lakini ulipata habari za msiba wa mzee wetu wa tumba, na mpaka arobaini inapita hakuna aliyekuwa na hamu ya kushika gitaa. Sasa tumerudi mazoezini. Wapiga tarumbeta wote wawili wapo, Kibonge amerudi kutoka Moshi, na shoo za Ijumaa pale kwenye bustani zimeanza tena.

Kilichonifanya nikuandikie usiku huu ni spika ya besi. Imekufa. Tangu ile shughuli ya Mbagala, dogo wa kinanda alipochomeka kinanda na maiki mbili kwenye mtambo huohuo ninaopigia, kila nikishuka uzi wa nne ilikuwa inakohoa. Jumatano ikakata kabisa katikati ya wimbo. Nimeifungua: koni imechanika pembeni karibu robo ya mzunguko, na ukiisukuma taratibu kwa vidole viwili unasikia koili inakwaruza ndani ya sumaku. Fundi anasema anaweza kuibandika. Ataibandika, itapiga wiki mbili, tutarudi palepale.

Sasa kiongozi ameona boksi la mtumba Kariakoo, lile kubwa lenye spika nane za inchi kumi, limesimama kama friji. Linakuja na hedi yake ya taa, yaani kikuza sauti cha kizamani kinachotumia taa za kioo badala ya transista. Muuzaji ameshusha bei, na kwenye mfuko wa bendi tuna milioni mbili na kidogo, kwa hiyo macho yote yako huko. Shemeji keshaanza kusema litapendeza kwenye picha. Kikao ni Jumapili ijayo. Mimi silitaki, Abuu, na nataka unisaidie kuwaeleza, maana wewe unapiga karibu kila usiku na neno lako watalisikiliza kuliko langu.

Fikiria tunapiga wapi. Ijumaa bustanini, watu mia hivi. Jumamosi sendofu au kicheni pati, mara nyingi ukumbi wa ghorofani usio na lifti. Katikati ya wiki mazoezi kwenye kile chumba cha matofali chenye bati juu. Usafiri wetu ni bajaji mbili na gari la Kibonge likiwa zima. Hedi za taa za aina ile zina wati 300 na uzito unaokaribia kilo 40, hapo sijalitaja boksi lenyewe. Nani atalipandisha ngazi? Mimi na dogo wa dramu, na saa nane usiku mimi na dogo wa dramu tena tutalishusha.

Nao wanasahau mitambo hiyo ilitengenezwa kwa kazi gani. Kampuni ya Ampeg walitoa mtambo wa besi wa SVT mwaka 1969 kwa ajili ya majukwaa makubwa, wakati spika za ukumbi hazikuwa na uwezo wa kubeba besi, kwa hiyo mpiga besi alilazimika kuujaza uwanja peke yake kwa boksi lililo nyuma yake. Leo mzigo huo unabebwa na spika za ukumbi. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshatoa B-15 mwaka 1960: spika moja ya inchi 15, wati kama 25 au 30 tu. James Jamerson, mpiga besi wa nyimbo za Motown, aliipiga hiyo kwenye vilabu vya Detroit, na studioni Motown besi yake iliingizwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Boksi dogo la kujisikia mwenyewe na waya wa kwenda kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti ya ukumbi: ndiyo njia ninayoitaka kwetu. Kumbe wakubwa waliipita zamani!

Sisemi tununue kidude. Uzi wa nne ukipigwa wazi unatikisa hewa mara 41 kwa sekunde, wakati uzi mzito wa solo ni mara 82, na sikio la binadamu ni zito kusikia sauti za chini namna hiyo. Ndiyo maana mpiga solo anatosheka na wati 30 na besi inadai mara kadhaa ya hizo. Tena sisi tuna tarumbeta mbili, saksafoni na dramu isiyojua kupiga polepole. Lakini ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli tatu tu, na kwa sikio hizo ni nyongeza ndogo. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ukilinganisha na ya 97, imekupa nyongeza hiyohiyo bila hedi kubwa. Kiongozi anasoma wati peke yake. Nimemwonyesha karatasi ya spika, akaniambia mambo ya karatasi ni ya mafundi redio.

Nimezunguka na mambo mawili kichwani. La kwanza ni kombo, kila kitu ndani ya boksi moja. Fender Rumble 500 ina spika mbili za inchi kumi na haifiki kilo 17. Ikiwa peke yake inatoa wati 350, na zile 500 zinapatikana ukiiongezea boksi la pembeni. Naipenda sana. Rumble 100, ya spika moja ya inchi 12, ina kilo kumi tu na kwa mazoezi inafaa, ila tarumbeta zikianza itazama. Tatizo la kombo ni kwamba wewe huwezi kupanda nayo ndege kwa raha, na huku bei inapanda mno.

La pili, nililoliegemea, ni wewe utuletee kutoka huko hedi ya kisasa ya daraja la D. Transista zake zinawaka na kuzima kwa kasi badala ya kuchemka muda wote, kwa hiyo haihitaji chuma kizito cha kupozea, na nyingi zina pawasaplai nyepesi badala ya transfoma kubwa. Wati 500 kwa kilo mbili au tatu! Unaitia kwenye begi la mkononi pamoja na viatu vyako. Boksi tutatengeneza hapa, spika mbili za inchi kumi au moja ya 15.

Hapo kwenye boksi ndipo roho yangu ilipo. Mafundi wa Keko wanajua mbao, hilo halina ubishi. Ila anayetengeneza maboksi ya vigodoro amezoea kutafuta ule mshindo mmoja wa kutikisa kifua, na kwa muziki wa kurekodiwa watu wanaufurahia. Gitaa zito linataka kitu kingine. Nikitembea kutoka noti ya G kwenda C, kila noti ninayoikanyaga njiani itoke na uzito uleule, isiwe moja inanguruma na jirani yake inapotea. Ujazo wa boksi na urefu wa tundu la hewa vinatoka kwenye vipimo vya spika yenyewe, havitoki kwenye jicho la fundi. Nikipata spika yenye karatasi yake ya vipimo, nitapiga hesabu, nitamkatia fundi mchoro, na nitakaa naye mpaka agundishe. Plaiwudi ya milimita 18, mbao za kushikiza ndani, gundi kila ungio, pasiwe na upenyo hata wa kupitisha unyoya. Watu wanacheza kwa besi, Abuu, hata asiyejua besi ni kitu gani. Ikiwa mngurumo mtupu wanakaa. Ikitoka noti, wanainuka. Nimeliona hilo bustanini Ijumaa kwa Ijumaa.

Kwa hiyo kwenye hedi naomba uangalie haya. Nyuma yake pawe pameandikwa volti 100 hadi 240, maana jenereta la bustanini likichoka linashuka na hedi ya kiwango kimoja tu cha volti inazimika. Usikubali ya volti 120 iliyoletwa kutoka Marekani hata kama ni ya bei ya kutupa. Plagi za huko ni sawa na zetu, hapo hakuna shida. Iweze kubeba omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, na zikipungua hedi inabeba mzigo mkubwa zaidi): boksi moja la omu 8 leo, na siku tukiongeza la pili la omu 8 jumla itakuwa 4, basi hapo ndipo mwisho, hatushuki zaidi. Na iwe na tundu la kupeleka sauti kwenye mikisa lenye swichi ya kukata muungurumo unaopita kwenye waya wa ardhi.

Swichi hiyo si pambo. Kuna ukumbi tulipiga mwezi uliopita, sitautaja, soketi zake hazina waya wa ardhi hata moja. Shemeji alikuwa ameshika nyuzi za ridhimu, akasogeza mdomo kwenye maiki, akarushwa. Alirudi nyuma mpaka kwenye sahani za dramu. Halafu fundi mitambo wa ukumbi akashauri tukate pini ya tatu ya plagi ya mtambo wangu ili muungurumo uishe! Nilikataa mbele ya watu wote. Pini ile ndiyo inayomlinda mtu. Muungurumo unakatwa kwenye waya wa sauti, kwa swichi, na plagi inabaki nzima. Sasa hivi natembea na testa mfukoni, na nikifika ukumbini kabla ya salamu napima soketi.

Kiongozi ana hoja moja ya kweli na sitaki kumdhulumu. Boksi refu linafikisha sauti masikioni mwa mpigaji, wakati boksi dogo chini linapigia magoti. Unaongeza sauti wewe, wanaoumia ni walio mbele. Dawa yake ni kreti mbili za bia, boksi juu, limeinamishwa kidogo kunitazama. Na lisikae kwenye kona, hasa kwenye kile chumba chetu, kwani kona inavimbisha sauti za chini hadi bati linalia. Nikisikia nazama kati ya dramu na kinanda siongezi besi. Napandisha kidogo sauti za kati, pale kwenye hezi 700 au 800, na vidole vinasikika. Hayo yote hayahitaji boksi la spika nane.

Kidogo kidogo vingine: niletee seti ya nyuzi za besi za unene wa 45 hadi 105, zile za kawaida za mikwaruzo. Chumvi ya hewa ya hapa inazila haraka, nafuta kwa kitambaa kila nikimaliza, na hizi nilizonazo nimeshazichemsha mpaka zimekataa kufufuka. Na waya mmoja halisi wa spika. Dogo bado anaunganisha hedi na boksi kwa waya wa gitaa, unachemka, na sipati mwingine mzuri mitaa ya hapa.

Sasa niambie. Wewe hotelini unapigia nini siku za watu wachache, na je, ungekuwa na boksi moja tu ungechukua mbili za kumi au moja ya 15? Hedi hizi nyepesi zimekusumbua kwenye joto, au mnapiga kwenye kiyoyozi muda wote? Kuna mtumba wa kuaminika huko, au ninunue mpya kwa ajili ya dhamana? Spika zenyewe utaweza kubeba, au nizitafute hapa? Risiti utaitoa kwa jina lako au la bendi, ili forodha pasiwe na maneno? Pesa niitume kwa nani, yuleyule wa mwaka jana? Na unafika tarehe ngapi hasa, maana Krismasi tuna shoo mbili na ya pili ni bustanini, nataka upande tupige pamoja, hata kama ni nyimbo tatu. Kibonge anauliza kama bado unakumbuka ile ya Mzee wa Solo.

Nirekodie sauti ukiweza, dakika mbili tu, ukisema unafikiri nini kuhusu lile boksi la Kariakoo. Nitawasikilizisha Jumapili kabla kiongozi hajafungua kikao. Ukiona mimi ndiye sielewi, sema vilevile, nitakusikia.

Wako,
Hamisi