Barua kwa Rehema kuhusu sare za harusi ya Neema

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bariadi, wewe, Baba Kulwa na watoto wote. Sisi huku hatujambo, na Mama Mdogo anaendelea vizuri na mguu wake. Mazungumzo yetu ya simu siku hizi ni ya haraka mno, ndiyo maana jambo hili nimeona heri niliandike.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni sare za harusi ya Neema. Kamati ilikutana nyumbani kwa Dada Salome na kunikabidhi kazi ya kushona magauni ya akina mama wote wa upande wetu, heshima ambayo ninaishukuru kwa moyo wote. Kinachonikosesha usingizi ni kitambaa walichokipendekeza, yaani ile satini ya zambarau inayouzwa kwa jora pale Kariakoo. Ninakuomba wewe, kama mama mdogo wa bibi harusi ambaye neno lako linasikilizwa, uzungumze nao kabla fedha hazijatoka.

Nikueleze sababu. Tangu mwanzoni mwa mwaka ninahudhuria mafunzo ya jioni ya mafundi kuhusu mitindo isiyoharibu mazingira, na jioni moja mwalimu alitutaka kila mmoja aje na vipande vya vitambaa anavyovishona mara kwa mara. Tulichomoa uzi mmoja mmoja tukaushika kwa kibanio juu ya mshumaa. Uzi wa kitenge cha pamba ulishika moto kama karatasi, ukaacha majivu mepesi yaliyopeperuka kwa pumzi. Uzi wa satini ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, na mwishoni likabaki tone gumu jeusi ambalo nililibana kwa kucha lisivunjike. Satini ile ni poliesta, na poliesta hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Ni plastiki ile ile inayotengenezewa chupa za maji ya kunywa. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani sasa ni za namna hiyo. Kila zinapofuliwa huachia vinyuzi vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufuata maji machafu hadi mitoni na baharini, na vazi likitupwa haliozi.

Sasa fikiria yanayoyapata magauni haya ya sare. Yanavaliwa siku moja, yanapigwa picha, kisha yanaingia kabatini, kwa sababu hakuna mwanamke wa Dar es Salaam anayekubali kuonekana kwenye harusi ya pili na sare ya harusi ya kwanza, na kwa joto letu hili huwezi kwenda na satini sokoni wala kazini. Ripoti ya mwaka 2017 ya Ellen MacArthur Foundation, shirika linalohimiza vitu vitumike tena badala ya kutupwa, inaeleza kwamba katika miaka 15 uzalishaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu, huku idadi ya mara ambazo vazi moja huvaliwa ikishuka kwa 36%. Inaeleza pia kwamba, kwa wastani, vazi likivaliwa mara mbili ya ilivyo sasa, gesijoto zitokanazo na nguo, yaani zile gesi zinazoongeza joto duniani, zingepungua kwa 44%. Niliposoma hayo niliwaza sare zote nilizowahi kuzishona, na ni ngapi kati yake zilizovaliwa tena.

Unakumbuka mabishano ya mitumba? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, lakini Marekani ilipotishia kutuondolea nafuu ya AGOA, sheria yake iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, wengine tulirudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia ushuru wake wa mitumba ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Mjomba Kessy hadi leo anasema tulikosea. Mimi naona kwamba hata tungeyazuia marobota yote bandarini, tusingekuwa tumefanya kitu iwapo sisi wenyewe tunanunua majora ya plastiki na kuyashona yavaliwe mara moja.

Pendekezo langu ni kitenge cha pamba, kwa mshono wa blauzi na sketi zisizoungana, ili blauzi iweze kwenda kazini na sketi iende kanisani au msibani. Nitaacha inchi moja ya akiba kwenye mishono ya ubavuni na pindo refu chini, kama Bi. Zuhura alivyotufundisha, ili anayenenepa afunguliwe nguo yake badala ya kushona nyingine. Dada Salome anahofia kwamba kitenge kitaonekana cha kawaida. Nitatia nakshi shingoni na mikononi, na sitaongeza bei ya ushonaji. Nitakwenda mwenyewe Kariakoo kuchoma uzi kabla ya kulipa, maana vitenge vingi vinavyoitwa vya pamba navyo ni poliesta.

Pamba nayo ina mzigo wake. Kule Asia ya Kati Bahari ya Aral ilikaribia kukauka kwa sababu maji ya mito yake yalielekezwa kwenye mashamba, mengi yakiwa ya pamba. Lakini pamba ya kwenu inategemea mvua, inachumwa kwa mkono na wakulima wadogo, na huko Meatu kuna wanaoilima bila dawa za viwandani tangu miaka ya 1990. Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa haijasokotwa, nasi tunarudishiwa satini. Kama kitambaa cha pamba ya Meatu kingepatikana hapa, hata kwa bei ya juu kidogo...

Je, utaweza kumpigia Dada Salome kabla ya kikao cha Jumamosi? Neema mwenyewe amekwambia anapenda rangi gani, au naye kachaguliwa tu? Baba Kulwa bado anafahamiana na yule bwana wa kiwanda cha kuchambua pamba, na anaweza kumuuliza kama kuna yeyote nchini anayesokota na kufuma pamba ile ya Meatu? Wakulima wa Meatu wasiotumia dawa wanalipwa zaidi kuliko wengine, au jina la pamba tu ndilo lililobadilika? Na wewe unakuja lini? Vyovyote kamati itakavyoamua, nitumie vipimo vyako vya kifua, kiuno, nyonga na urefu, maana nilivyo navyo ni vya kabla hujajifungua Doto na Kulwa.

Ni mimi rafiki yako,
Mwajuma