Simu Imeoanishwa na Kompyuta, Mbona Faili Haliji?

Wenye steshenari hapa Mwanza, Makoroboi hata Nyegezi, wanalijua hili. Mteja ana CV kwenye simu, bando limekata, flashi yake huiamini kwa sababu ya virusi, basi mnakubaliana kutumia Bluetooth. Simu na kompyuta zinaoana vizuri, lakini akituma, simu inaandika imeshindikana. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuoanisha ni kutambulishana tu; Windows haipokei faili kwa Bluetooth mpaka uiweke tayari kupokea.

Tuanze na kuoanisha. Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia "Bluetooth & devices", washa, kisha bonyeza "Add device" na uchague Bluetooth. Upande wa simu, kuwasha kwa ile menyu ya kushusha kutoka juu mara nyingi hakutoshi. Ingia kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa Bluetooth wenyewe na uuache wazi, maana simu nyingi za Android huonekana kwa vifaa vingine wakati huo tu. Itatokea namba ya tarakimu sita pande zote mbili. Zilinganishe kwanza ndipo ukubali, hasa kwenye fremu zilizobanana ambako kompyuta ya jirani nayo inaitwa DESKTOP na herufi zisizoeleweka. Ni bora uipe yako jina la duka.

Baada ya hapo kompyuta inaweza kuandika "Not connected" chini ya jina la simu. Usihangaike nayo, kwa simu ni kawaida.

Sasa kupokea. Bonyeza Windows pamoja na R, andika fsquirt (programu ya Windows ya kutuma na kupokea faili kwa Bluetooth), bonyeza Enter, kisha chagua "Receive files". Dirisha likiwa linasubiri, ndipo mteja atume. Faili likishaingia, dirisha litauliza lihifadhiwe wapi: chagua folda, bonyeza "Finish". Ukilifunga kwa haraka kabla ya hapo, utalitafuta faili usilione. Na kila mteja mpya, dirisha linafunguliwa upya. Inachosha, ndiyo, ila ukiweka njia ya mkato ya fsquirt kwenye deskitopu, unabofya mara mbili tu.

Kosa jingine tunalokutana nalo sana: umepiga Windows upya, simu iliyokuwa inakubali jana leo inagoma. Kompyuta imepoteza ufunguo wa siri wa zamani, simu bado inao. Futa jina pande zote mbili, sio upande mmoja, kisha oanisha tena.

Deskitopu nyingi hazina Bluetooth ndani, zinahitaji kile kidude kidogo cha USB. Usikichomeke nyuma ya kasha la chuma, na usikibananishe na flashi au diski ya nje kwenye tundu la USB 3.0 (mengi yana rangi ya bluu ndani). Data ya USB 3.0 inatoa kelele katika masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Bluetooth, na mawasiliano yanakatika katikati ya kutuma. Tumia tundu la mbele, au waya mfupi wa kurefushia.

Video usiilazimishe. Kasi ya juu ya Bluetooth ya kawaida ni megabiti 3 kwa sekunde, na hiyo ni kwenye karatasi. Video ya harusi ya MB 500 itazidi dakika 20. Hapo tumia waya, au Quick Share (programu ya kutumiana faili kati ya Android na Windows) kupitia waifai. iPhone nayo haitumi faili kwa Bluetooth kwenda Windows, kwa hiyo mteja wake mwambie mapema atumie barua pepe au waya kabla hamjapotezeana muda.

Kama kitufe cha kuwasha Bluetooth hakionekani kabisa kwenye mipangilio, fungua Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta. Jina la Bluetooth likiwa na alama ya mshangao ya njano, tatizo ni draiva (programu inayokiendesha kifaa), njoo na mashine tuiweke. Likiwa halipo kabisa, anza kwa kununua kidude cha USB. Ni nafuu kuliko kufungua kasha.