Aliyempa kukaa ni nani?

Mkomani, Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila kusi limeshika na boti za Mokowe zaturowesha mpaka kifuani. Kazi yako ya sheria, ya yule Bwana A aliyekalia shamba la mtu, niliipata. Nikaichapisha pale dukani nyuma ya Ngome, kurasa sita, nikaketi nayo dakani baada ya alasiri.

Alama ulizopewa hazikunishangaza, na usininunie. Mwalimu wako ameandika pembeni mara tatu, "Nani alifanya nini?" Mara zote tatu ana haki.

Wajua kazi iliyokulea. Miaka 26 nilisimama kando ya kizimba nikimfasiria hakimu maneno ya watu, na watu maneno ya hakimu. Wakili akimaliza sentensi, mzee wa Matondoni ananitazama mdomoni. Nafasi ya kufungua kamusi sina. Na sentensi ilipokuwa ikinishinda kuifasiri, mara nyingi hata aliyeisema hakuwa ameijua vizuri. Basi zako nimezifanyia vivyo hivyo, nikizisoma kwa sauti, mamako yuko karibu anachambua mchele.

Ya pili ina maneno 71. Nikiitia Kiswahili yatoka hivi: "Kwa kuzingatia kwamba ukaliaji wa ardhi husika ulidumu kwa kipindi kisichopungua kile kilichowekwa kisheria, na kwamba hakuna uchukuaji wowote wa hatua za uondoaji uliofanyika, inaweza kusemwa kwamba..." Mamako akainua uso.

"Inaweza kusemwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Humo ndani mna mtu aliyeingia shambani akajenga, na mna mwenye shamba aliyekaa kimya. Wote wawili umewafukia. Wafukue: "Bwana A aliingia shambani mwaka 2006. Akajenga nyumba. Mwenye shamba hakumshtaki mpaka mwaka 2021." Jaji atahesabu miaka 15 mwenyewe, hana haja ya kushikwa mkono.

Lakini si sentensi tu. Mmefundishwa hatua nne: swali, sheria, kuipima sheria kwa yaliyotokea, kisha jibu. Wewe umekinakili kifungu cha 7 cha Sura ya 22, ile sheria ya muda wa mwisho wa kushtaki, chote, ukakipanga na kesi nne chini yake kama sahani kabatini, halafu ghafla: "Kwa hiyo Bwana A ameipata ardhi." Hatua ya tatu iko wapi? Hiyo ndiyo kazi yenyewe, hayo mengine hata karani wa sajili aweza kuyanakili. Miaka 12 ya kifungu hicho peke yake haitoshi kumpa mtu ardhi. Awe amekaa waziwazi, mfululizo, na bila ya ruhusa ya mwenyewe. Na wewe ni mtoto wa pwani! Ni wangapi huku wanaokaa kwenye shamba la mtu kwa ruhusa, ardhi ya huyu, minazi ya yule, na hakuna karatasi hata moja? Mtu wa namna hiyo akikaa hata miaka 40, ile ruhusa inamfunga.

Sasa rudi kwenye swali mlilopewa. Mna mstari mmoja kwamba Bwana A alikuwa akimpelekea mwenye shamba gunia la maembe kila mwaka. Katika kurasa zako sita gunia hilo halimo. Nilipomsomea mamako swali, aliuacha mchele kabisa. "Sasa aliyempa kukaa ni nani? Mtu hapeleki maembe bure." Hakuingia darasa la sheria hata siku moja. Mimi sisemi lile gunia lathibitisha ruhusa. Huenda ulikuwa ujirani tu. Lakini ulibishanie, upande huu na upande huu, kabla hujajibu.

Kosa langu nalo nikuambie, maana hujapata kulisikia. Mwaka wangu wa pili kazini, hakimu alilikataa ombi la mzee mmoja akaamuru na gharama za kesi azilipe yeye. Nami kwa haraka nikatafsiri neno kwa neno: "Ombi lako limetupwa pamoja na gharama." Mzee akatoka akinishukuru. Alivyofahamu yeye, gharama nazo zimetupwa, hadaiwi kitu. Ilipomfikia hesabu ya wakili wa upande wa pili alikuja kunitafuta hapo Mkunguni mbele za watu, na sikuwa na pa kuuficha uso. Ningemwambia, "Ombi limekataliwa, na wewe utamlipa mwenzio gharama za kesi," yangekwisha. Tangu siku ile neno ambalo kila mtu wa mahakamani hulitamka bila kufikiri ndilo ninalolitilia shaka kwanza. Kwako nimeyapigia mstari kumi na mawili.

Hati ya kiapo uliyoiambatisha ni fupi, nami sitaisema sana. Amri ya 19 ya kanuni za kesi za madai yataka nafsi ya kwanza, aya zenye nambari, na mambo anayoyajua mwapaji mwenyewe. Wewe umemvisha mvuvi joho la wakili. Niliwahi kumwona mmoja akiulizwa maana ya neno lililo katika kiapo chake mwenyewe. Akanigeukia mimi.

Na hati ya madai: Amri ya 2 yataka muhtasari wa mambo ya msingi, si ushahidi, na uwe mfupi kadiri shauri linavyoruhusu. Mawakili wengi niliowasikia waliikumbuka kanuni hiyo kwa hati za wenzao tu.

Ukitaka mfano, soma kesi za nyumbani. Ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Wavuvi wetu walishtaki mwaka 2012 kwa ajili ya bandari ya hapa Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Ni ndefu, usiimeze yote. Tazama majaji wanavyoyataja maswali kabla ya kuyajibu. Kisha soma uamuzi wa Juni 2019 uliofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo. Humo utakuta tena swali la mwalimu wako: nani aliitwa mkutanoni, lini, akaambiwa nini.

Iandike upya. Usiitengeneze ile, iweke kando, uanze na karatasi nyeupe. Ukimaliza mtafute mwenzako asiyesoma sheria umsomee, na akikunja uso papo hapo tia alama, usianze kumweleza.

Mamako amekutilia achari ya maembe kwenye ile ndoo ndogo ya buluu, itakuja na basi la Jumatano. Ndoo irudi. Naye kila nikiingia ndani aniuliza kama yule bwana alipewa ruhusa au hakupewa. Nimemwambia hilo ni lako.

Babako