Barua kwa Mama Amani

Bukavu, Jumatano usiku

Dada yangu Mama Amani,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, watoto wakiwa wamelala: kwamba una mimba, na kliniki wamekukuta na virusi vya UKIMWI. Pole sana, dada. Miaka minne iliyopita nami nilitoka kliniki ya wajawazito na jibu kama hilo, nikatembea kutoka Kadutu hadi Nyawera nisijue nimepita wapi.

Anza vidonge sasa, usingoje mimba ikue. Bila dawa, kwa kila watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa kila siku bila kuruka, hawafiki watano. Ukishazaa usiache, dawa hizi ni za maisha. Amani naye apimwe.

Kwangu vidonge havikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nyumbani. Mtoto hajatimiza wiki mbili, mama mkwe kaja na kikombe cha maji ya sukari: "Maziwa yako mepesi, mtoto analia njaa." Muuguzi alikuwa ameniambia maziwa yangu tu miezi sita, hata maji asionje, kwa kuwa utumbo wa kichanga ni laini, vyakula vingine huuchubua na virusi vikapata mlango. Ningemweleza vipi mama wa watu? Nikasema daktari amekataza maji kwa sababu ya kipindupindu. Akakiweka kikombe chini. Bukavu hii, nani haogopi kipindupindu? Uongo ule siujutii hadi leo.

Kila asubuhi nilimpa mtoto dawa ya maji, nevirapini, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wiki ya sita wakamchoma kisigino, matone yakajaza viduara kwenye karatasi ngumu. Kungoja lile jibu ndiko kulikonikondesha. Likaja: hana. Tulipoacha kunyonya, akiwa na miezi 18, akapimwa tena. Hana.

Baba Amani usimwambie peke yako usiku. Nendeni kliniki pamoja, mpimwe wote, muuguzi akiwepo. Wangu alinyamaza siku mbili, kisha akawa ndiye anayenikumbusha kidonge.

Barua hii inapanda boti kesho pamoja na kitenge. Ndani yake nimekufungia kikopo changu kitupu cha kuwekea dawa zako. Nimetia pamba, vidonge visilie mkobani.

Nijibu kwa boti ya Jumamosi, uniambie umeanza.

Dada yako,
Mama Faida