Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mbeya

Ndugu wanachama,

Vikao vitatu, semina ya Iyunga na ziara ya wenzetu wa Iringa vilifanyika kama mnavyojua, na mihtasari mnayo. Nitakaa zaidi kwenye uamuzi wa kutoa shilingi milioni 3 za mfuko wetu kununua pampu mbili za sirinji, za kusukumia vimiminika tunavyotengenezea nyuzi zetu, kwa kuwa baadhi yenu mmeendelea kuulalamikia pembeni badala ya kuuliza kikaoni.

Walioupinga walitaka mtambo wa kuvuta nyuzi kwa umeme. Mtambo huo hutoa nyuzi nyembamba sana, sikatai, lakini hutaka maelfu ya volti, na mara nyingi hutumia viyeyusho vinavyodhuru seli hai. Sisi tangu mwanzo tulikusudia nyuzi zinazopatana na mwili, za kufunika vidonda na kubeba seli. Katika kijifereji chetu cha kioo, alginati, yaani ute utokao kwenye mwani, hupita katikati na kloridi ya kalsiamu, chumvi iliyoyeyushwa majini, huizunguka. Vimiminika hivyo husafiri sambamba bila kuvurugana, ayoni za kalsiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, hufunga pamoja minyororo ya molekuli za alginati, na uzi huganda papo hapo bila kuchemshwa, hivyo hata seli zilizochanganywa humo huweza kubaki hai. Ukiongeza kasi ya kimiminika cha nje, uzi huwa mwembamba zaidi. Ndiyo sababu nilisimamia pampu nzuri, maana inayosukuma kwa kushtuka hutoa uzi usio na unene mmoja. Ni kweli kijifereji kiliziba mara mbili, uzi ukigandia ndani. Nilikesha nikikizibua, na tangu tulipopitisha maji safi kati ya vimiminika hivyo viwili, hakijaziba tena.

Aliyehoji kwa nini hatutumii mwani wa Zanzibar ajue kwamba unaolimwa kule ni mwani mwekundu, ambao hutoa karajini, ute wa aina nyingine. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia.

Kinachoniumiza ni mahudhurio. Kati ya wanachama 34, kikao cha Novemba kilipata 9 na akidi haikutimia. Waliolipa ada ni 13. Wanaodai hawakushirikishwa ni miongoni mwa wale wasiofika. Kloridi ya kalsiamu ya mwisho nimeinunua kwa fedha yangu, na stakabadhi ninayo.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatumaini kupata maabara itakayotupimia usalama wa nyuzi hizi kwa seli, kwani kabla ya kipimo hicho hatuwezi kumkabidhi daktari yeyote hata uzi mmoja. Wenye kudaiwa ada wamwone mweka hazina leo, kabla mkutano haujafungwa.

Mwenyekiti